Tulichoka Kuandika Mara Mbili

Kwa miaka mingi sisi watu wa hesabu tulikuwa tunaandika kila kitu mara mbili. Kwanza tuliandika kwa lugha nyepesi ya kompyuta, tujue kama wazo lenyewe lina kichwa na miguu. Likishaonekana lina maana, liliandikwa upya kwa lugha ngumu, ili kompyuta imalize kazi leo na si mwezi ujao. Mara nyingi kazi hiyo ya pili ilimwangukia mtu mwingine: fundi wa programu asiyejua dengi inaeneaje, ila anayejua namna ya kuikimbiza prosesa. Yeye akigusa kitu kidogo ili mambo yaende kasi, wewe mwenye mlinganyo huna habari. Wewe ukirekebisha mlinganyo, yeye yuko kwenye kazi za watu wengine. Wazo moja, maandishi mawili, na baada ya muda hakuna anayeweza kuapa kwamba bado yanasema jambo lile lile.

Mimi ni mwalimu wa hisabati chuo kikuu hapa Dar es Salaam. Utafiti wangu ni wa magonjwa ya mlipuko, ingawa sindano sijawahi kuishika na mbu nawaua kwa kiganja kama watu wengine wote. Kazi yangu ni kuandika milinganyo inayoeleza ugonjwa unavyopanda na kushuka, kisha kuiuliza kompyuta: maambukizi yakipungua kidogo, itakuwaje? Swali la namna hiyo haliulizwi mara moja. Huulizwa mara laki moja, kila mara kwa namba zilizosogezwa kidogo, maana hakuna anayejua kwa hakika mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi. Hapo kasi ya lugha inaacha kuwa mbwembwe za vijana wa kompyuta na kuwa shida yangu mimi.

Lugha iliyonitoa kwenye uandishi wa mara mbili inaitwa Julia. Si maarufu. Vijana wengi wanaojifunza kompyuta mjini hawajaisikia, na wala siwalaumu. Lakini namna inavyofanya kazi inastahili kuelezwa hata kwa mtu asiyekusudia kuandika mstari mmoja wa programu maishani mwake, kwa sababu inajibu swali ambalo wengi wetu tulishakubali kwamba halina jibu: kwa nini lugha iwe ama rahisi kuandika ama ya kasi, isiwe vyote viwili?

Tuanze ndani ya mashine. Prosesa haijui Python, haijui Julia, haijui chochote isipokuwa maagizo mafupi mafupi ya tarakimu: chukua namba iliyo hapa, ijumlishe na ile, weka jibu pale. Zamani maagizo hayo yaliandikwa kwa mkono. Mwaka 1957 kundi la wahandisi wa IBM lililoongozwa na John Backus lilitoa Fortran kwa ajili ya mashine ya IBM 704. Mtaalamu wa fizikia akaweza kuandika fomula karibu kama anavyoiandika kwenye daftari, na programu nyingine, yaani kompaila, ikaigeuza kuwa maagizo ya mashine kabla kazi haijaanza. Wapo waliodhani kompaila haitaweza kamwe kuandika maagizo mazuri kama ya binadamu. Iliweza, na Fortran ingali hai. LAPACK, mkusanyiko wa programu za matriki uliotolewa mwaka 1992, umeandikwa kwa Fortran, na lugha nyingi za kisasa bado zinauegemea kimyakimya kila mtu anapotatua milinganyo mingi kwa pamoja.

Fortran, na C iliyokuja baadaye, zina sharti lao. Lazima uiambie kompaila mapema kila kitu ni cha aina gani: hii namba kamili, hii ina desimali, hii ni safu ya namba elfu moja. Kwa kuwa inajua kila kitu mapema, kompaila inatoa maagizo makavu yasiyo na maswali. Ndiyo sababu ya kasi yao, na ndiyo sababu pia mtu anayejaribu wazo jipya jioni, akiwa na kikombe cha chai, hapendi kuanza nazo.

Lugha nyepesi kama Python, aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, zilikuja na ukarimu. Hutangazi aina ya kitu. Andika, bonyeza, ona jibu. Ila ukarimu huo kuna anayeulipia. Python ikifika penye a + b inabidi ijiulize kwanza: a ni nini? Namba kamili, desimali, au maandishi? Na b je? Vinajumlishika? Ndipo ijumlishe. Ikirudi kwenye mstari huo huo kwa mara ya milioni moja, inauliza tena yote hayo, kana kwamba haijawahi kupita hapo. Kujumlisha kwenyewe ni kazi ndogo mno. Maswali ndiyo yanayokula muda. Mzunguko wa hesabu ulioandikwa kwa Python tupu unaweza kuwa mzito kuliko wa C mara kumi, wakati mwingine hata mara mia.

Dawa ya watu wa Python ni kuikwepa Python. Unaikabidhi safu nzima ya namba kwa maktaba iitwayo NumPy, ambayo ndani yake imeandikwa kwa C, na yenyewe inafanya hesabu kwa mkupuo. Ni dawa nzuri, imeponya wengi, nami nimeitumia. Inafanya kazi mpaka siku tatizo lako litakapokataa kukatika katika vipande walivyokuandalia. Ugonjwa unaokwenda hatua kwa hatua, ambapo hali ya leo inategemea ya jana, ni tatizo la aina hiyo. Hapo unarudi kwa fundi wa C, na maandishi yanakuwa mawili tena.

Mwaka 2009 watu wanne walianza kujenga lugha mpya: Jeff Bezanson, Stefan Karpinski, Viral Shah, na Alan Edelman ambaye ni profesa wa hisabati wa MIT, huko Massachusetts. Waliitangaza hadharani tarehe 14 Februari 2012, wakisema bila haya kwamba wanataka kila kitu: kasi ya C, urahisi wa Python, wepesi wa R katika takwimu, uandishi wa hesabu kama wa MATLAB, na iwe bure kwa kila mtu. Nilicheka nilipolisoma tamko lao. Watu wa lugha za kompyuta wanajua kuahidi. Toleo la 1.0 lilitoka Agosti 2018, kwenye mkutano wao wa mwaka uliofanyika London, na mwaka uliofuata Bezanson, Karpinski na Shah wakapewa Tuzo ya James H. Wilkinson, ambayo hutolewa kila baada ya miaka minne kwa programu bora za ukokotoaji. Nikaacha kucheka.

Ujanja wao uko kwenye wakati wa kukompaili. Julia haikompaili kazi yako yote mapema kama Fortran, wala haijiulizi maswali kila mstari kama Python. Inasubiri mpaka uite fanksheni, yaani kipande cha programu ulichokipa jina. Ukiiita, inatazama ulichoipa ni vitu vya aina gani, na kwa kuwa sasa vitu viko mkononi, haihitaji kuambiwa. Inaandika maagizo ya mashine ya fanksheni hiyo kwa aina hizo hasa, inayatunza, kisha inayaendesha. Ukirudi na vitu vya aina ile ile, maagizo yapo tayari. Ukija na vya aina nyingine, inaandika mengine. Kuyaandika maagizo yenyewe inauachia mtambo uitwao LLVM, ambao pia ndio ulio nyuma ya Clang, mojawapo ya kompaila kubwa za C. Kwa hiyo si ajabu kasi zao zikakaribiana: mwishoni kabisa wanapita mlango mmoja.

Acha nionyeshe. Mwaka 1927, Kermack na McKendrick, wakiwa Edinburgh, walichapisha milinganyo ambayo sisi wa magonjwa ya mlipuko bado tunaanzia hapo. Kermack wakati huo alikuwa kipofu. Macho yake yaliungua na kemikali maabara miaka mitatu nyuma, na hesabu aliendelea nazo kichwani. Katika sura yake nyepesi, mfano wao unawagawa watu makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, S, wagonjwa, I, na waliokwisha kupona, R. Kwa Julia, hatua ya siku moja moja, nauandika hivi:

function mlipuko(β, γ, siku)
    S, I, R = 0.999, 0.001, 0.0
    for k in 1:siku
        wapya = β * S * I
        wapona = γ * I
        S -= wapya
        I += wapya - wapona
        R += wapona
    end
    return S, I, R
end

Isome polepole hata kama hujawahi kuandika programu. Mtu mmoja kati ya elfu anaanza akiwa mgonjwa. Kila siku wagonjwa wapya wanatokana na kukutana kwa wazima na wagonjwa, kwa kiwango β. Na sehemu γ ya wagonjwa inapona. Wanaoondoka kundi moja wanaingia lingine. Hizo herufi za Kigiriki si pambo. Ndizo nilizonazo ubaoni, na Julia inazikubali kama zilivyo: unaandika \beta, unabonyeza kitufe cha Tab, inageuka β. Majina mengine nimeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu hakuna aliyenikataza. Hakuna mahali nilipotaja aina ya kitu chochote.

Nikiita mlipuko(0.4, 0.2, 200), napata kwamba baada ya siku mia mbili karibu watu wanane kati ya kumi watakuwa wameupata ugonjwa na kupona. Hiyo β ya 0.4 na γ ya 0.2 maana yake mgonjwa mmoja mwanzoni anaambukiza wawili. Wanafunzi hushangaa: kila mmoja anaambukiza wawili tu, mbona unafika mbali hivyo? Kisha wanaishusha β hadi 0.19, chini ya γ, na mlipuko unakataa kuwaka kabisa. Kwa laptopu yangu ya kawaida, yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu, kuurudia mfano huu mara laki moja hakumalizi sekunde. Tuseme kweli, mfano mdogo kama huu hata Python ingeumaliza nikiwa bado sijasimama kitini. Lakini ule ninaoutumia kwenye utafiti una makundi ya umri, una wilaya zinazopokezana wasafiri, na hatua zake ni za saa. Huo kwa Python ulikuwa unakesha usiku kucha na mimi namwomba Mungu umeme usikatike.

Kuna kitu kingine ninachokipenda kuonyesha darasani. Ukiandika @code_native mbele ya mwito ule wa mlipuko, Julia inakutolea maagizo ya mashine yenyewe, mistari mirefu ya mulsd na addsd kwenye prosesa za Intel, bila maswali ya aina katikati. Kijana aliyeandika mistari kumi ya hesabu anaona kwa macho yake imekuwa nini chini kabisa. Si lazima aielewe yote. Anaona tu kwamba hakuna pazia.

Kasi peke yake, hata hivyo, isingenihamisha. Kilichonihamisha ni jambo ambalo waundaji wake wamelifanya kiini cha lugha nzima, na ni gumu kidogo kulieleza, basi nivumilie. Chukua mtu aliyeagizwa kupasua. Atakachofanya kinategemea vitu viwili kwa pamoja: kile anachopasua na kile alichoshika. Nazi kwa panga ni pigo la ubavuni, akikinga maji yasimwagike. Gogo kwa shoka ni kutanua miguu na kuinua mikono yote miwili. Gogo kwa panga ni kutafuta kwanza shoka la jirani. Lugha nyingi maarufu za leo, zikiambiwa zipasue, zinatazama kitu kimoja tu kati ya hivyo ndipo ziamue. Julia inatazama vyote vilivyoletwa, kisha inachagua njia inayovifaa zaidi kwa pamoja. Alama ya kujumlisha tu, +, ina njia zaidi ya 150 hata kabla hujaongeza chochote: namba kamili na namba kamili, namba kamili na sehemu, matriki na matriki, tarehe na siku. Andika 1//3 + 1//6 na itakujibu 1//2, sehemu kamili isiyo na desimali za kukatwakatwa, kwa sababu kuna njia iliyoandikwa kwa ajili ya sehemu.

Sasa faida yake. Mwanasayansi Mosè Giordano aliandika kifurushi kiitwacho Measurements, kinachoanzisha namba ya aina mpya: namba inayotembea na shaka yake. Unaandika 0.40 ± 0.05, na kila hesabu inayopita juu ya namba hiyo inaibeba shaka na kuikuza au kuipunguza inavyostahili. Kifurushi hicho hakijui kwamba mimi nipo, wala mlipuko wangu hauna habari na shaka yoyote. Nikaingiza mlipuko(0.40 ± 0.05, 0.2, 200), ile ile, bila kugusa hata nukta. Julia ikaona imeletewa aina ngeni, ikatafuta kuzidisha na kutoa kunakozifaa namba hizo, ikavikuta kwenye kifurushi cha Giordano, ikakompaili upya. Jibu likarudi likiwa na shaka yake pembeni. Kwenye lugha niliyokuwa naitumia kabla, hiyo ingekuwa kazi ya kuandika programu nzima upya, au ya kumpigia simu yule fundi.

Jambo hili linajirudia kila mahali katika ulimwengu wa Julia. DifferentialEquations, kazi kubwa ya Chris Rackauckas na wenzake ya kutatua milinganyo ya mabadiliko, inapokea namba za namna hiyo pia. Na kwa kuwa karibu vifurushi vyote vimeandikwa kwa Julia yenyewe, hakuna tena ghorofa ya chini ya C ambako sisi wengine haturuhusiwi. Ukitaka kujua sum inajumlishaje, andika @edit sum([1,2,3]) na faili lenyewe linafunguka mbele yako. Ni lugha ile ile uliyokuwa unaandika dakika moja iliyopita. Mwanafunzi wa shahada ya pili anaweza kuanza kwa kutumia kifurushi na kumaliza kwa kukirekebisha. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko kasi, kwa sababu ndilo linalomwondoa mtu kwenye kundi la wateja na kumweka kwenye kundi la wenye mali.

Huko kwenye mashine kubwa, jina la lugha hii lilijulikana mwaka 2017, kwa mradi ulioitwa Celeste. Watafiti walichukua picha za anga za Sloan Digital Sky Survey, terabaiti 178 za picha zilizopigwa na darubini ya New Mexico, wakaiendesha programu ya Julia kwenye kompyuta kuu ya Cori iliyokuwa California, ikitumia nodi 9,300. Kwa dakika 14.6 ikawa imekadiria sifa za nyota na galaksi milioni 188, kila moja pamoja na shaka yake. Katika kilele chake ilifikia hesabu trilioni 1,540 kwa sekunde. Mpaka hapo, safu hiyo ya kasi ilikuwa ya Fortran, C na C++.

Mfano ninaoupenda zaidi si wa nyota. Ndege zikikaribiana angani, kuna kifaa kinachomwambia rubani apande au ashuke. Kizazi kipya cha mfumo huo kinaitwa ACAS X, na watu wa MIT Lincoln Laboratory walipoandika maelezo ya kanuni zake waliyaandika kwa Julia. Kwa desturi, maelezo ya namna hiyo huandikwa kwa maneno na vielelezo, na kila kiwanda kinatafsiri kivyake, kwa hofu ya kupotoka. Haya ya Julia yanasomeka na mhandisi na papo hapo yanaendeshwa na kompyuta. Karatasi na programu ni kitu kimoja. Kule ambako kupotoka kidogo kati ya maandishi mawili kunaweza kuua watu, waliona afadhali yabaki moja. Tawi la New York la benki kuu ya Marekani nalo liliuhamishia kwenye Julia mfano wake mkubwa wa uchumi mwaka 2015, kutoka MATLAB. Na kuna kundi linaloitwa CliMA, lenye makao Caltech, linalojenga mfano wa hali ya hewa ya dunia kwa lugha hiyo tangu mwanzo.

Nisije nikaonekana nimelipwa. Julia ina kero zake, na ya kwanza mgeni anakutana nayo dakika ya kwanza. Kwa kuwa inakompaili pale unapoita, mwito wa kwanza unachelewa. Matoleo ya zamani yalikuwa ya aibu: unataka kuchora grafu moja, unakaa unatazama mshale ukipepesa.

"Madam, mashine imeganda?" kijana wa mstari wa mbele aliwahi kuniuliza.

"Haijaganda, mwanangu. Inakompaili. Subiri."

"Python hainisubirishi."

"Python utaisubiri baadaye."

Darasa lilicheka, lakini alikuwa na haki ya kulalamika. Mtu anayetaka grafu moja tu hana hiyo baadaye ninayoisema. Toleo la 1.9, lililotoka Mei 2023, lilipunguza sana tatizo hilo kwa kutunza kwenye diski maagizo yaliyokwisha kukompailiwa ya vifurushi, yasiandikwe upya kila unapofungua programu. Siku hizi subira ni fupi. Haijakwisha.

Kero ya pili inawatisha wanafunzi kuliko watu wazima. Andika 2^64 na Julia itakujibu 0. Si mzaha. Namba kamili za kawaida zina biti 64, zikijaa zinazunguka na kuanza upya, kama ilivyo kwenye maagizo ya prosesa yenyewe, na lugha haikuonyi kwa sababu kuonya kungekula kasi. Andika big(2)^64 na utapata 18446744073709551616, jibu sahihi, kwa gharama ya muda. Factorial imewekewa ulinzi: factorial(21) inakataa na kukupa ujumbe wa kosa. Alama ya kipeo haina. Mimi hulifundisha hili siku ya kwanza kabisa, kabla ya kitu chochote kizuri, ili atakayekimbia akimbie mapema.

Ya tatu ni upande wa pili wa ule uzuri wa vifurushi kushikamana. Safu za Julia huanza kuhesabiwa kwenye 1, kama za Fortran, na watu wengi wameandika vifurushi wakidhani hivyo ndivyo daima. Lakini mtu mwingine anaruhusiwa kuunda safu inayoanza na 0, au na -5, na kukipelekea kifurushi kisichotarajia hilo. Saa nyingine unapata ujumbe wa kosa. Saa nyingine, hasa mwandishi akiwa amezima ukaguzi wa mipaka ili apate kasi, unapata jibu lenye sura nzuri ambalo si kweli. Uhuru wa kuchanganya kila kitu na kila kitu unakuja na wajibu wa kupima kila mchanganyiko, na si kila mwandishi wa kifurushi ana muda huo.

Halafu kuna tabia ndogo ndogo. Ukiandika mzunguko wako nje ya fanksheni yoyote, ukichezea namba zilizo wazi kwa wote, kasi inapotea na mgeni anahitimisha kwamba amedanganywa, kwa sababu Julia haiwezi kuwa na hakika kwamba namba hizo hazitabadilika aina. Weka kazi ndani ya fanksheni, kasi inarudi. Ni sentensi moja ya ushauri, lakini ikikosekana inatosha kumpoteza mtu.

Anayetaka kujaribu aanze na juliaup, kisakinishi rasmi cha Julia, kinachopatikana bure kwa Windows, Mac na Linux. Vifurushi huongezwa kwa kubonyeza alama ya ] ndani ya Julia na kuandika add, kisha jina. Hapo ndipo bando linapoondoka, maana kifurushi kimoja kinaita vingine kumi. Pakua ukiwa kwenye intaneti ya chuo au ya ofisi, si ya simu yako. Kisha ingiza ule mlipuko nilioandika juu, mstari kwa mstari, na ubadilishe γ kwanza kabla ya β. Wengi hufanya kinyume chake na hawaoni mapema kwamba kupona haraka na kuambukiza kidogo kunaweza kufikia mahali pamoja.

Wanafunzi wangu mwaka huu nimewapa zoezi la kuuongezea mbu. Watu wanabaki na makundi yao matatu, mbu wanapata mawili, kwa kuwa mbu aliyeambukizwa hasubiri kupona, anakufa akiwa nao. Watano wamekwama pale pale, kwenye kiwango cha mbu kuzaliwa wakati wa mvua. Mmoja wao amenitumia ujumbe kuuliza kama lugha hii itampatia ajira. Nimemjibu kwamba kwa ajira ya mjini ajifunze na Python, asiache. Na kwamba γ yake ameiandika kwa siku wakati β ameiandika kwa wiki.